Mkunazini Kabla ya Tiketi

Mtu aliyekulia Michenzani miaka ya sabini, akaishi ghorofa za juu, atakumbuka maji na dirisha kabla ya mambo mengine yote. Pampu zilikuwa zikishindwa kuyapandisha maji, nasi tukiyateka bombani chini na kupanda nayo kwa ndoo na madebe ya mafuta ya kupikia, ngazi baada ya ngazi, huku nusu yake tukiwamwagia miguuni waliokuwa wakishuka. Dirisha ndilo lililokuwa malipo ya taabu hiyo. Ukishatua ndoo jikoni ulikwenda kusimama pale upepo wa kaskazi ukukaushe jasho, na chini yako ukayaona mabati ya Mlandege yaliyoota kutu, halafu mapaa ya Darajani, halafu Mji Mkongwe wote na minara yake: wa kanisa la Mkunazini ulio karibu, ile miwili ya Wakatoliki upande wa Shangani, na nyuma yao, pembeni mwa bahari, ule wenye saa wa Beit al-Ajaib.

Sasa minara imepungua. Wa Beit al-Ajaib uliporomoka Desemba 25, 2020, pamoja na sehemu kubwa ya jengo lenyewe, na watu wawili wakafa. Mbele ya dirisha letu umeinuka mwingine, wa kumbukumbu ya miaka 50 ya Mapinduzi, pale Kisonge, na karibu yake duka kubwa la Michenzani Mall ambalo vijana hulijua kuliko wanavyoijua Marikiti. Wa Mkunazini bado umesimama. Kanisa lile tulikuwa nalo sisi watu wa Ng'ambo miaka mingi bila ya kuwa na habari zake. Leo habari zake zimeenea dunia nzima, na mwanamke wa Michenzani akitaka kuingia anaulizwa ametokea wapi.

Njia yetu ilikuwa ya kupita Mlandege, kukata barabara kuu ya Darajani tuliyokuwa tukiiita Creek Road na ambayo leo ni Barabara ya Benjamin Mkapa, kupenya pembeni ya Marikiti palipokuwa na harufu ya ng'onda na ya karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi, na ya kahawa ya wauzaji waliogonga vikombe viwili viwili kwa mkono mmoja ili usikie kabla hujawaona. Tulitumwa boflo, na zile zilikuwa zama za foleni, boflo lilikuwa halipatikani kila duka; ukiwa na haraka ulikata ndani ya uwanja wa kanisa kufupisha njia. Hapakuwa na aliyekuzuia. Palikuwa na kivuli, na ardhi ngumu nzuri kwa kucheza gololi, na mlinzi mzee ambaye shughuli yake kubwa ilikuwa kutukemea tusipige kelele wakati wa sala. Kwetu sisi pale palikuwa ni "misheni", basi. Hatukuuliza zaidi.

Aliyetuingiza ndani alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya tatu, ambaye watoto wa jumba zima tulimwita Bibi wa Mkunazini. Asili yake Masasi. Wazee wake walikuwa katika wale walioachwa huru hapa Unguja na kupelekwa bara na Askofu Steere mwaka 1876, wakaanzisha kijiji cha Kikristo kule Masasi. Kizazi kimoja au viwili baadaye baadhi ya watu wake wakarejea kisiwani kutafuta maisha, na yeye akazaliwa hapa. Kila Jumamosi baada ya adhuhuri alitandika blanketi juu ya meza, akapepea pasi ya mkaa dirishani mpaka cheche zikaruka, akavinyunyizia maji ya wanga wa muhogo vitambaa vyeupe vya altare, kisha akavipiga pasi polepole, ncha kwa ncha, mpaka vikawa vigumu vya kusimama vyenyewe. Harufu ile ya wanga unaoungua kidogo na mkaa wa mkoko siijui tena mahali popote. Akimaliza alivikunja ndani ya kanga safi, akatoka kibarazani na kuita, "Wajukuu zangu, nani atanishikia maua?"

Tulimfuata watatu au wanne, sote watoto wa chuoni, tuliokuwa asubuhi ile ile tumetoka kusoma juzuu zetu. Tulipofika mlangoni tukavua viatu na kuvipanga ukutani. Yeye akageuka akatwambia, "Vaeni wajukuu zangu, humu tunaingia navyo." Hakuna aliyevaa. Tulikuwa tumefundishwa nyumbani kwamba nyumba ya ibada haikanyagwi na viatu, na maneno ya Bibi wa Mkunazini, kwa heshima zake zote, hayakuweza kuyashinda ya mama. Basi tukaingia miguu mitupu, na baridi ya sakafu ile ndiyo kitu changu cha kwanza ninachokikumbuka ndani ya kanisa.

Cha pili ni paa. Tulizoea dari za boriti za mikoko, bapa na za chini, au saruji ya majumba yetu. Pale juu palikuwa na kuba refu lililonyooka kutoka mlangoni mpaka altareni, la mawe ya matumbawe na saruji, bila ya nguzo hata moja katikati ya kulishika. Wajuzi husema Steere mwenyewe ndiye aliyelichora, na kwamba watu wa mjini walikuwa wakingoja lianguke. Halijaanguka mpaka leo. Madirisha yana ncha juu kama ya makanisa ya Uingereza, lakini ukiyatazama vizuri unaona mkono wa mafundi wa pwani katika mapambo. Nyuma ya altare ukuta unang'aa kwa vijiwe vya rangi vilivyotolewa na Bi Caroline Thackeray, yule mwalimu aliyeishi miaka mingi Mbweni akiwasomesha wasichana walioachwa huru. Kwenye nguzo moja upo msalaba mdogo wa mti wa kawaida, usio na dhahabu wala fedha, uliochongwa katika mti wa Chitambo ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone mwaka 1873. Mwili wake ndio ulioletwa pwani na watumishi wake, akina Chuma na Susi, kwa miguu, mwendo wa miezi. Bibi wa Mkunazini aliugusa msalaba ule kila alipopita, kwa kidole kimoja tu, kama mtu anayepima joto la uji.

Na mbele ya altare iko duara nyeupe ya marumaru iliyozungukwa na nyekundu. Hapo hakutusimamisha. Alituzungusha pembeni, akasema hapo hapakanyagwi, na sisi tukadhani ni kwa utakatifu tu. Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba duara ile inaonyesha mahali uliposimama mti wa kuchapia watu.

Swali la kwa nini hakutwambia limenikaa miaka yote. Alijua. Wazee wake walinunuliwa na kuuzwa katika uwanja ule ule tuliochezea gololi. Lakini Unguja ya wakati ule ilikuwa na namna mbili za kuizungumza biashara hiyo, na zote mbili hazikumfaa. Skuli tulifundishwa kwa sauti kubwa: masultani, mabwana, minyororo, halafu Januari 12, 1964, hadithi imekwisha. Majumbani haikutajwa kabisa, kwa sababu si ajabu katika kisiwa hiki ukoo mmoja ukawa na aliyeuza na aliyeuzwa, nao wote wakala sahani moja sikukuu ya Idi. Kumwambia mtu asili yake ilikuwa ni kumtukana. Basi Bibi wa Mkunazini alinyamaza, akapiga pasi, akapanga maua. Nami simlaumu. Lakini nasema wazi kuwa kimya kile kilituibia kitu, na kwamba waliokuja kukivunja walifanya jambo la haki.

Maana mambo yenyewe si siri. Soko la Mkunazini lilikuwa ndilo soko kubwa la mwisho la wazi la watumwa katika Afrika Mashariki, na lilifungwa Juni 1873 baada ya Sultan Barghash kutia saini mkataba na Waingereza, manowari zao zikiwa karibu. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ikapata kiwanja, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi likawekwa. Miaka michache baadaye watu walikuwa wakisali humo. Utumwa wenyewe, yaani kummiliki mtu, uliendelea kuwa halali hapa Unguja na Pemba hadi 1897, kwa hiyo kwa karibu miaka 20 kanisa lilisimama mahali pa soko huku nje ya ukuta wake wakipita watu waliokuwa bado na wenyewe wao. Hilo huwa halitajwi sana, na mimi naona ndilo zito kuliko yote.

Steere alikufa 1882 na amezikwa nyuma ya altare yake. Watalii hupita pale haraka. Sisi tunaoandika Kiswahili tuna sababu ya kukawia kidogo, kwa kuwa ndiye aliyekaa na watu wa mji huu akasikiliza hadithi zao na kuzichapisha London mwaka 1870, kisha akatafsiri sehemu kubwa ya Biblia kwa Kiunguja, hicho hicho kilichokuja kuteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Wazee waliomhadithia walikuwa Waislamu, na walijua wanamhadithia nani.

Siku hizi ukifika getini unakuta dirisha la tiketi. Wageni wamejaa, Waitaliano, Wapolandi, Wachina, kila kundi na kijana wake anayeliongoza kwa lugha yao, na vijana hao ni watoto wetu, wengine wamezaliwa majumba yale yale ya Michenzani. Huwa nasimama kando nikawasikiliza wakibadili lugha bila ya kikwazo, na roho yangu inafurahi. Uwanjani, mahali palipokuwa wazi, kuna shimo la mraba na ndani yake sanamu za watu watano waliofungwa shingo kwa mnyororo wa kweli wa zama zile. Aliyezitengeneza ni msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, mwaka 1998. Nyuso zao hazilii. Zinatazama mbele tu, na ukiinama kwenye ukingo wa shimo ni wewe unayeona haya. Nimepita mbele ya makumbusho mengi yenye picha kubwa na maneno mengi, na hakuna lililonishika kama shimo lile.

Kanisa lenyewe lilikuwa katika hali mbaya. Chumvi na unyevu vilikuwa vikizila kuta, kama vinavyozila kuta zote za Mji Mkongwe, maana jiwe la matumbawe linataka chokaa inayoweza kupumua, na kwa miaka mingi watu walilipiga saruji. Mwaka 2014 taasisi ya World Monuments Fund ililiingiza katika orodha yake ya majengo ya kuangaliwa, fedha zikapatikana, zikiwamo za Umoja wa Ulaya, matengenezo yakafanywa, na mwaka 2016 yakafunguliwa maonyesho ya biashara ya watumwa ya Afrika Mashariki katika jengo la pembeni. Nimeyasoma yote, ubao kwa ubao. Pale nilikuta kwa maandishi yale ambayo bibi yule aliyazunguka na maua yake. Mtoto wa leo wa skuli anaweza kusimama akasoma njia za misafara kutoka Ziwa Nyasa na Tanganyika hadi Kilwa na Bagamoyo, bila ya mtu kumwambia anyamaze. Kwa faida hiyo niko radhi kuukosa uwanja wa gololi.

Kuna jambo moja tu katika ziara hiyo linalonisumbua. Wageni hushushwa katika vyumba vya chini vya jengo la Mtakatifu Monika, vyumba vya dari ya chini vyenye mabaraza ya mawe na vitundu vidogo vya hewa, wakaambiwa humu ndimo walimofungiwa watu kabla ya kuuzwa. Wamo wanaotoka wanalia. Lakini jengo lile lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, likawa spitali. Wapo wanahistoria wanaosema vyumba vile ni ghala la spitali na si kingine. Bibi yangu mzaa mama alitibiwa kwa masista hapo akiwa na ujauzito, na alikuwa akiisimulia ile harufu ya dawa ya kusafishia vidonda mpaka anazeeka. Habari zake hazimo katika ziara. Soko la watumwa lilikuwapo kweli kweli, halihitaji kusaidiwa na ghala la dawa, na inaniuma kuona mateso ya kweli yakionyeshwa mahali panapotiliwa shaka huku kizazi kizima cha wanawake wa Ng'ambo waliojifungulia pale kikifutwa.

Hata kile kisa cha saa, kwamba Barghash alilizawadia kanisa saa kwa sharti mnara usipite Beit al-Ajaib kwa urefu, kinataka kupimwa. Beit al-Ajaib lilijengwa 1883, watu wakiwa wameshaanza kusali Mkunazini. Ni kisa kizuri, na kinasema kitu cha kweli kuhusu majirani wa dini mbili wanavyopimana.

Ile Minara Miwili ya Wakatoliki ni habari nyingine. Kanisa la Mtakatifu Yosefu lilijengwa na mapadri wa Kifaransa wa Roho Mtakatifu, ambao walifika Unguja mwaka 1863 kutokea kisiwa cha Réunion; kazi ilianza 1893 na kumalizika 1898. Ndilo la mapambo hasa. Ukutani na darini wamechorwa watu wa Agano la Kale kwa rangi zilizofifia kwa chumvi, vioo na vigae vilitoka Ufaransa, na nyumba ya mapadri iko pale pale, na ua wake na njia zake za kivuli, kwa hiyo unaingia kanisani kwa kupitia maisha ya watu. Nilipelekwa utotoni na rafiki yangu wa skuli, Mgoa, ambaye babake alikuwa fundi cherehani. Nilishangaa kukuta ubani. Ubani ule ule wa nyumbani kwetu, wa kufukizia maiti na maulidi. Magoa ndio waliokuwa wakilijaza kanisa lile, na wengi wao waliondoka baada ya Mapinduzi. Rafiki yangu naye akaondoka na wazee wake. Leo wanaosali ni watu wa bara kwa wingi, na kwaya zao zina ngoma. Kanisa limejaa tena.

Lakini milango haifunguki ovyo. Februari 17, 2013, siku ya Jumapili, Padri Evaristus Mushi alipigwa risasi akiwa anafika kanisani kwake hapa Unguja, akafa. Mwaka uliotangulia makanisa kadhaa yalichomwa moto. Tangu hapo kuna walinzi na mageti, na mtoto wa chuoni akibeba maua kuingia kanisani sidhani kama atapita bila ya kuulizwa. Katika yote yaliyobadilika, hili ndilo sina faida ya kuliwekea upande wa pili.

Makanisa yenyewe si mageni kisiwani. Kabla ya Wafaransa na Waingereza palikuwa na kanisa la Wareno pale ufukweni, la wakati ambao Ureno yenyewe ilikuwa chini ya wafalme wa Hispania, kati ya 1580 na 1640, na watawa wa Mtakatifu Agostino walikuwa na nyumba yao Mombasa. Waomani walipowatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, walijenga Ngome Kongwe juu ya mahali hapo pa kanisa. Sasa ndani ya Ngome hupigwa taarab na kuonyeshwa sinema wakati wa tamasha.

Mara ya mwisho niliyokwenda Mkunazini nilifuatana na mjukuu wangu. Kijana aliyekuwa akiongoza kundi la wageni alinikuta kwenye kisima cha ubatizo, akanipa heshima yangu, "Shikamoo Bi mkubwa," kisha akaendelea na kazi. Aliwaonyesha nguzo za marumaru ambazo zimesimamishwa juu chini, akaeleza kuwa askofu alikuwa safarini bara, na mafundi wake, kwa kutojua, wakazigeuza. Wageni wakacheka. Hucheka kila siku mahali hapo.

Mimi nimekulia katika nyumba ambayo baba yangu alibeba matofali yake. Majumba ya Michenzani yalichorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, nchi ambayo Zanzibar iliwahi kuitambua mapema mwaka 1964, na Mzee Karume akataka watu wajenge kwa mikono yao. Baba alikwenda baada ya kazi, akarudi na saruji kwenye nyusi, na kila tulipopita jumba namba mbili alituonyesha ukuta aliousimamia. Jina lake halikuandikwa popote, lakini sisi tunalijua. Katika waliosimamisha nguzo za Mkunazini walikuwamo watu waliotolewa minyororo muda si mrefu kabla. Huenda hawakuwahi kuona nguzo ya marumaru maishani. Walijenga kuba ambalo mji mzima ulisema litaanguka. Kanisani mna jina la askofu, la aliyetoa vijiwe vya rangi, la Livingstone, na la msanii wa shimo linatajwa kila saa. Mafundi wamebakiwa na kosa lao.

Wageni walipotoka kwenda kupiga picha nilimwita kijana yule, nikamuuliza kama lipo mahali popote jina la fundi hata mmoja. Alifikiri kwa adabu.

"Bi mkubwa, hilo mimi sijawahi kuulizwa. Labda kwa watu wa Mbweni. Au Masasi."

Nikamwambia ninaye mtu wa Masasi karibu. Binti wa Bibi wa Mkunazini bado anakaa ghorofa ile ile ya tatu, na mamake aliacha kasha la karatasi za kanisa, vyeti vya ubatizo na barua za zamani, ambalo kila mwaka anasema atalifungua. Kijana akaniandikia nambari yake ya simu nyuma ya tiketi ya mjukuu wangu. Tumekubaliana kwenda sote watatu, Jumamosi baada ya alasiri.